Robert Serumaga: Mganda aliyefundisha vijana kusema kwa mwili, wakati maneno yalikuwa yanaua

Kama uko Makambako unasubiri basi la Songea, au umekaa zako Njombe mjini na baridi yake, chukua dakika tatu tu usome habari za mtu huyu. Wengi wetu tunayakumbuka majina ya majenerali wa vita vya Kagera. Robert Serumaga alikuwa mtu wa jukwaani, na vita yake na Idi Amin aliianza bila bunduki.

Alikuwa nani?

Serumaga alizaliwa Buganda mwaka 1939, akalelewa na mama yake. Alisoma shule za Kikatoliki hukohuko Uganda, halafu akavuka bahari hadi Dublin, Ireland, kusomea uchumi katika chuo cha Trinity. Kwa hesabu za wazazi wengi, hapo kijana ameshapata maisha: anarudi, anakaa ofisini, anavaa tai.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye sanaa. Akiwa Uingereza aliingia kwenye vipindi vya redio na kuwahoji waandishi wa Kiafrika, akiwemo Chinua Achebe. Aliporudi Kampala mwishoni mwa miaka ya 1960, alishiriki kuanzisha kundi la maigizo, akaandika tamthilia na kuigiza mwenyewe.

Mwaka 1969 akatoa riwaya yake, Return to the Shadows. Inahusu msomi katika nchi ya Afrika inayopinduliwa na wanajeshi. Miaka miwili baadaye, Januari 1971, Amin akapindua kweli. Yaliyokuwa kitabuni yakahamia mtaani.

Maneno yalipogeuka hatari

Tamthilia za mwanzo za Serumaga zilikuwa na maneno mengi, tena ya Kiingereza. Chini ya Amin, sentensi moja tu ingeweza kukupoteza. Mwandishi mwenzake, Byron Kawadwa, aliyeongoza sanaa pale Jumba la Taifa la Maigizo, aliuawa mwaka 1977 na watu wa utawala huo.

Serumaga alifanyaje? Alipunguza maneno na kuongeza mwili.

Alianzisha kundi lililoitwa Abafumi, yaani wasimulia hadithi. Alichukua vijana, wengi wao wakiwa hawajawahi kuigiza popote, akawafundisha kama kazi ya kila siku. Mazoezi ya viungo, pumzi, sauti, ngoma, kuimba. Alichota kwa walimu wa maigizo wa Ulaya kama Stanislavski wa Urusi na Grotowski wa Poland, akachanganya na ngoma na masimulizi ya makabila ya Uganda. Si mchezo. Kijana alitakiwa ajue hofu inakaa wapi mwilini, huzuni inakaa wapi, na aitoe bila kufungua mdomo.

Kazi mbili zilizobaki midomoni mwa watu

Ya kwanza ni Renga Moi, ya mwaka 1972. Imetoka kwenye simulizi la Waacholi. Shujaa amepata mapacha, na mila inamtaka abaki nyumbani hadi taratibu zao zikamilike. Mara kijiji kinavamiwa. Akibaki, kijiji kinakufa. Akienda, anavunja mila. Anakwenda, anashinda, na anaporudi anakuta watoto wake wametolewa kafara. Mtazamaji wa Kampala hakuhitaji kuelezwa habari za nchi inayokula watoto wake. Kazi hiyo ilifika hadi London, kwenye msimu wa maigizo ya dunia, mwaka 1975.

Ya pili ni Amayirikiti, ya mwaka 1974, jina la mti wenye maua mekundu kama moto. Humu mazungumzo yaliondolewa kabisa. Kilichobaki ni miili, midundo, nyimbo na vilio. Afisa wa serikali akikaa kiti cha mbele, hakuwa na sentensi hata moja ya kuishika na kumshitaki nayo mtu. Ila raia aliyefiwa na ndugu alielewa kila kitu.

Hii inahusianaje na tiba?

Serumaga hakuwa daktari, na Abafumi halikuwa kundi la tiba. Lakini alichokigundua ndicho kinachofundishwa leo kwenye masomo ya tiba ya maigizo na mwendo. London, kwa mfano, kuna mkondo uitwao Sesame, ulioanzishwa na Marian Lindkvist mwaka 1964 na baadaye ukafundishwa katika chuo cha Central School of Speech and Drama, ngazi ya baada ya shahada ya kwanza.

Mwanafunzi wa masomo hayo hujifunza ngano, mwendo, mguso, sauti na elimu ya nafsi. Halafu hupelekwa kufanya kazi na wagonjwa chini ya uangalizi. Msingi wake ni kwamba kuna maumivu ambayo mtu hawezi kuyataja. Ukimbana aeleze, anafunga. Ukimpa hadithi ya mtu mwingine na nafasi ya kuicheza, anaanza kufunguka.

Bibi zetu hawakuhitaji cheti kulijua hilo. Msibani watu huimba, huyumba, hushikana. Serumaga aliliona, akalifanyia kazi kwa nidhamu ya shule.

Mwisho wake

Hatimaye hata jukwaa halikutosha. Serumaga akaingia kwenye harakati za kumwondoa Amin, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Machi 1979 makundi yao yalikutana Moshi, hapa kwetu Tanzania, na Aprili 11 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda. Serumaga akawa waziri wa biashara katika serikali ya Yusuf Lule. Serikali hiyo ilidumu siku 68 tu, naye akarudi uhamishoni. Alifariki Nairobi mwaka 1980, akiwa na miaka kama 41.

Kabuni? Tamthilia chache na riwaya moja. Kubwa zaidi ni somo alilotuachia. Vijana wetu wa Njombe na Makambako wenye vipaji vya ngoma na maigizo huambiwa kila siku watafute kazi ya maana. Wakitaka kusoma sanaa, milango ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa kule Bagamoyo. Na mzazi anayeona huo ni upuuzi akumbuke kwamba kulikuwa na dikteta aliyeziba midomo ya watu wazima, na kundi la vijana wacheza ngoma likaendelea kusema mbele yake.