Richard le Scrope

Richard le Scrope (mnamo 1327 – 30 Mei 1403) alikuwa naiti, lodi na mwanasiasa wa Uingereza katika karne ya 14. Alikuwa Mweka Hazina wa ufalme chini ya Edward III na mara mbili Chansela chini ya Richard II. Anakumbukwa hasa kwa kesi yake dhidi ya Robert Grosvenor, iliyoanza mwaka 1385 na kumalizika mwaka 1390. Walishindania haki ya kutumia ngao ya rangi ya buluu yenye mkanda mmoja wa dhahabu uliopita kwa mshazari.

Asichanganywe na Richard Scrope, Askofu Mkuu wa York aliyeuawa mwaka 1405, ambaye alitoka tawi la Masham la ukoo huohuo.

Ukoo na ujana

Scrope alizaliwa katika ukoo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Henry le Scrope, alikuwa mwanasheria aliyepanda hadi kuwa jaji mkuu wa mahakama ya mfalme. Baba mdogo wake, Geoffrey, alishika pia cheo hicho. Kwa hiyo utajiri wa ukoo ulitokana na sheria kuliko upanga, jambo ambalo baadaye lilitajwa mahakamani.

Henry alifariki mwaka 1336, Richard akiwa bado mtoto. Kaka yake William alifariki mwaka 1344, na Richard akarithi mashamba ya familia.

Askari

Wakati huo Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika Vita vya Miaka Mia. Mwaka 1346 Scrope alipigana Crécy, ambako Waingereza waliwashinda Wafaransa. Mwaka huohuo alikuwa Neville's Cross karibu na Durham, ambako jeshi la Waskoti lilishindwa na mfalme wao kutekwa. Hapo Scrope alipewa unaiti, yaani cheo cha askari mpanda farasi wa tabaka la juu. Kwa miaka mingi alimtumikia John of Gaunt, mwana wa Edward III, na mwaka 1367 alipigana upande wake huko Nájera, Hispania.

Mtunza muhuri

Mwaka 1371 Scrope aliitwa bungeni kama baroni na kuteuliwa kuwa Mweka Hazina. Alishika kazi hiyo hadi mwaka 1375. Richard II alirithi ufalme mwaka 1377 akiwa mtoto wa miaka 10, na mwaka uliofuata Scrope akawa Chansela. Chansela ndiye aliyetunza muhuri mkuu, na amri kubwa ya mfalme haikuwa na nguvu bila muhuri huo. Alijiuzulu mwaka 1380, lakini alirudishwa mwishoni mwa mwaka 1381, baada ya uasi mkubwa wa wakulima.

Kipindi hicho cha pili kilikuwa kifupi. Mfalme kijana alianza kugawa ardhi kwa vipenzi wake, nao walimletea Chansela hati zao zipigwe muhuri. Scrope alikataa, akiona kwamba mali ya ufalme inatapanywa. Mfalme alipotuma wajumbe kudai muhuri, Scrope hakukubali kuukabidhi kwa mtu yeyote isipokuwa mfalme mwenyewe. Mwaka 1382 aliondolewa madarakani.

Umuhimu wa nembo

Naiti wa karne ya 14 alivaa deraya na kofia ya chuma iliyofunika uso. Vitani hakuna aliyeweza kumtambua isipokuwa kwa alama zilizochorwa kwenye ngao, kwenye bendera na kwenye vazi la kitambaa lililovaliwa juu ya deraya.

Alama hizo zilifuata kanuni. Dhahabu na fedha zilihesabiwa kuwa metali, nazo nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau zilihesabiwa kuwa rangi. Kwa kawaida metali haikuwekwa juu ya metali, wala rangi juu ya rangi, ili alama ionekane kutoka mbali. Nembo ya Scrope, dhahabu juu ya buluu, ilifuata kanuni hiyo. Urahisi wake ndio ulioleta matatizo, kwa kuwa watu wa mikoa tofauti waliweza kuichagua bila kujuana.

Nembo ilirithiwa kutoka kwa baba hadi mwana. Ilipigwa kwenye mihuri ya hati, ikachorwa kwenye madirisha ya makanisa na kuchongwa juu ya makaburi. Mtu aliyepokonywa nembo yake alihesabiwa kuwa amepokonywa heshima ya mababu zake.

Kesi dhidi ya Grosvenor

Mwaka 1385 Richard II aliongoza jeshi kubwa kuivamia Uskoti. Katika jeshi hilo alikuwemo Robert Grosvenor, naiti kutoka Cheshire, naye alikuwa na ngao sawa kabisa na ile ya Scrope. Scrope alilalamika. Shauri lilipelekwa kwenye mahakama ya kijeshi iliyoshughulikia mambo ya manaiti, chini ya Konstebo wa Uingereza. Cheo hicho hakifanani na konstebo wa polisi wa leo, kwani mwenye nacho alikuwa miongoni mwa wakuu wa jeshi la mfalme. Wakati huo Konstebo alikuwa Thomas of Woodstock, baba mdogo wa mfalme.

Pande zote mbili zilidai kwamba mababu zao walitumia nembo hiyo tangu William Mshindi alipoiteka Uingereza mwaka 1066. Madai hayo hayawezi kuwa kweli, kwa sababu nembo za kurithiwa zilianza kuenea katika karne ya 12. Hata hivyo watu wa wakati ule waliyachukua kwa uzito. Ilijulikana pia kwamba Scrope aliwahi kushindana na Carminow wa Cornwall, aliyekuwa na nembo hiyohiyo. Carminow alidai kuwa yake ilitoka enzi za Mfalme Arthur, na wote wawili waliruhusiwa kuendelea kuitumia.

Mashahidi mia kadhaa walisikilizwa katika miji mbalimbali. Mabwana, manaiti wazee na wakuu wa monasteri walieleza walipoiona nembo hiyo: kwenye vita fulani, kwenye dirisha la kanisa, juu ya kaburi au kwenye muhuri wa hati ya zamani. Baadhi ya mashahidi walithibitisha kwamba baba wa Scrope, ingawa alikuwa mwanasheria, alitoka katika ukoo wa kiungwana. Miongoni mwa waliotoa ushahidi walikuwemo John of Gaunt na Owain Glyndŵr, aliyekuja kuongoza uasi wa Wales miaka kadhaa baadaye.

Shahidi anayejulikana zaidi leo ni mshairi Geoffrey Chaucer. Mnamo Oktoba 1386, huko Westminster, alieleza kwamba aliwaona Wascrope wakibeba nembo hiyo nchini Ufaransa, katika kampeni ambayo yeye mwenyewe alitekwa. Aliongeza kwamba siku moja, akipita mtaa wa Friday Street mjini London, aliiona nembo hiyo imetundikwa nje ya nyumba. Alidhani ni makazi ya Scrope, akaambiwa kuwa ni ya Grosvenor, jina ambalo hakuwa amelisikia kabla ya siku hiyo. Chaucer alitaja pia umri wake kuwa miaka 40 na zaidi. Maneno hayo ni kati ya ushahidi mchache unaowasaidia wataalamu kukadiria mwaka wa kuzaliwa kwake.

Hukumu

Mwaka 1389 Konstebo aliamua kwamba nembo ni ya Scrope. Hata hivyo alimruhusu Grosvenor aendelee kuitumia akiongeza ukingo wa fedha kuizunguka ngao. Hakuna upande ulioridhika, na rufaa ikafika kwa mfalme.

Mnamo Mei 1390 Richard II alitoa uamuzi wa mwisho. Aliona kwamba ukingo wa namna hiyo ulifaa kumtofautisha ndugu wa damu, si mtu wa ukoo mwingine. Kwa hiyo Grosvenor alikatazwa kuitumia nembo hiyo kwa namna yoyote. Alichukua badala yake mganda wa ngano wa dhahabu juu ya buluu, alama iliyohusiana na watawala wa zamani wa Chester. Baadaye Scrope na Grosvenor walipatanishwa mbele ya mfalme.

Miaka ya mwisho

Uzee wa Scrope ulikuwa na huzuni. Mwanawe William alikuwa kipenzi cha Richard II, akapewa mwaka 1397 cheo cha erli wa Wiltshire, kilichokuwa juu ya baroni. Mwaka 1399 Henry Bolingbroke, mwana wa John of Gaunt, alimpindua Richard. William alikamatwa Bristol na kukatwa kichwa, na mali yake ikataifishwa.

Bunge lilipokutana mwaka huo, Scrope, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alisimama na kuomba kwamba kosa la mwanawe lisimpokonye yeye na watoto wake wengine urithi wao. Mfalme mpya, Henry IV, alimkubalia. Mzee huyo alibaki na mashamba yake, pamoja na ngao aliyoipigania. Alifariki mwaka 1403 na kuzikwa katika abasia ya Easby karibu na Richmond, ambayo ukoo wake uliifadhili.

Urithi

Ngome ya Bolton, ambayo Scrope alipata kibali cha kuiimarisha mwaka 1379, bado imesimama katika bonde la Wensleydale, ingawa sehemu yake ni magofu. Maria, Malkia wa Waskoti, alizuiliwa humo mwaka 1568 hadi mwanzoni mwa 1569.

Maelezo ya mashahidi wa kesi yamehifadhiwa na hutumiwa na wanahistoria, kwa sababu yanaonyesha askari wa Vita vya Miaka Mia wakisimulia waliyoyaona.

Ukoo wa Grosvenor haukusahau. Ulikua na kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Uingereza, wakiwa madyuki wa Westminster, na mganda wa ngano umebaki katika nembo yao. Katika karne ya 19 dyuki wa kwanza alimpa farasi wake wa mbio jina la Bend Or, yaani mkanda wa dhahabu. Farasi huyo alishinda mashindano ya Derby ya Epsom mwaka 1880, karibu miaka 500 baada ya hukumu.