Romeo Lahey: Mwana wa wapasua mbao aliyeokoa msitu

ROMEO Lahey alizaliwa mwaka wa 1887 jimboni Queensland, Australia, katika ukoo wa wapasua mbao. Ajabu ni kuwa yeye ndiye aliyepigania msitu wa mvua wa milima ya McPherson usikatwe.

Robert Collins, mwasisi wa kampeni hiyo, alipofariki mwaka wa 1913, Lahey, mhandisi chipukizi, alizunguka akikusanya saini za wakazi. Julai 1915, Lamington ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Sheria pekee haikumtosha; nani angetetea msitu asioujua? Mwaka wa 1933, yeye na Arthur Groom walianzisha Binna Burra, ambako wageni wa kwanza walilala mahemani.

Lahey alifariki mwaka wa 1968. Septemba 2019, moto uliteketeza majengo ya Binna Burra. Uwanja wa mahema ulifunguliwa tena mwaka uliofuata.