Robert Koch na Macho ya Wagonjwa wa Visiwa vya Sese

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika maisha ya watakatifu na ya wamisionari waliotuletea imani. Leo tunamwandika mtu ambaye hakuwa mtakatifu wala Mkatoliki, lakini alifika katika mji wetu wa Mwanza, akavuka ziwa letu, na alichokifanya huko kila daktari, muuguzi na mgonjwa wa jimbo hili anastahili kukijua. Mtu huyo ni Robert Koch. Kila aliyesoma biolojia amelisikia jina lake, na wanachuo wa ualimu hapa Butimba wanalijua, kwa sababu ndiye aliyegundua bakteria wa kifua kikuu. Habari za safari yake ya mwaka 1906 hazisimuliwi sana.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, Ujerumani, katika familia yenye watoto wengi ambayo baba yake alifanya kazi ya machimbo. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Mwalimu wake wa anatomia alikuwa Jakob Henle, aliyekwisha kufundisha miaka mingi kabla kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai visivyoonekana kwa macho. Akiwa bado mwanafunzi, Koch alipewa tuzo ya chuo kwa uchunguzi wake wa neva za mfuko wa uzazi. Tunamwomba msomaji aishike tuzo hiyo akilini, kwa maana katika uzee wake Koch alikutana tena na neva, safari hii katika miili ya watu walio hai.

Alihitimu mwaka 1866. Baadaye alikuwa mganga wa wilaya huko Wollstein, na hapo, kwa hadubini iliyokuwa nyumbani kwake, alithibitisha mwaka 1876 kwamba kimeta huletwa na bakteria wa aina moja maalumu. Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wataalamu wenzake mjini Berlin, alimtangaza bakteria wa kifua kikuu. Kipindupindu alikifuata hadi Misri na India. Mwaka 1905 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Hayo yote yamo vitabuni, nasi hatuna la kuongeza.

Lipo jambo la mwaka 1890 ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Mwaka huo Koch aliutangazia ulimwengu dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini, huku akificha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya. Dawa haikuponya, na baadhi yao walikufa baada ya kuchomwa sindano. Tuberkulini ikaja kufaa baadaye kwa kupima tu, si kwa kutibu. Kwa maoni yetu, aliyesoma vizuri habari ya mwaka 1890 hawezi kushangazwa na ya mwaka 1906: jicho lilelile kali lililoona vijidudu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, na haraka ileile ya kuamini kwamba dawa imekwisha kupatikana.

Afrika Mashariki hakuwa mgeni. Katika miaka ya 1897 na 1898 alikaa Dar es Salaam akichunguza malaria, na wakati huo ndipo alipothibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, yalikuwa tauni. Lakini kilichomrudisha kwetu ni malale.

Kuanzia mwaka 1901 hivi malale yalizagaa katika mwambao wa Busoga na Buganda na katika visiwa vya ziwa. Inakadiriwa kwamba ndani ya miaka michache walikufa watu zaidi ya laki mbili. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vimelea viitwavyo tripanosoma katika maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kwamba vinabebwa na mbung'o.

Ili tuelewe yaliyofuata, hatuna budi kusimama kidogo kwenye shina la ubongo. Shina hilo liko chini ya ubongo mkubwa, kati yake na uti wa mgongo, na unene wake haupiti sana ule wa kidole gumba. Hapo ndipo zinaposimamiwa pumzi na mapigo ya moyo. Katika sehemu yake ya juu umo mtandao wa seli unaouamsha ubongo mzima na kuuweka macho. Mtandao huo ukidhurika, mtu hulala usingizi usio wa kawaida hata adhuhuri. Mwanadamu ana jozi 12 za neva za kichwa, na 10 kati yake zinahusika na shina hilo. Ndizo zinazogeuza mboni za macho, kuinua kope, kutafuna, kukunja uso, kusikia, kushika mizani ya mwili, kumeza na kuusogeza ulimi. Neva ya kumi husafiri mbali kuliko zote, hushuka kupitia shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni, na njiani hutoa tawi linaloendesha sauti. Padre anapogusa masikio na kinywa cha mtoto katika ubatizo kwa ibada ya Efata, anagusa milango ya kazi ya neva hizo, ingawa sisi seminarini tulifundishwa ibada bila kufundishwa neva.

Vimelea vya malale huanza katika damu na tezi, na tezi za nyuma ya shingo huvimba. Baadaye huingia katika ubongo. Saa ya mwili huvurugika: mgonjwa husinzia mchana akiwa na chakula mkononi, usiku hukesha. Kope hulegea, ulimi hutetemeka, maneno hayaeleweki, mwishoni hata kumeza kunashindikana. Wazee wa mwambao walioliita gonjwa hilo kwa jina la usingizi hawakukosea, ila ni usingizi usiopumzisha.

Serikali ya Ujerumani ilimtuma Koch alichunguze. Alikuwa na umri wa miaka 62, amekwisha kupata kila heshima ambayo daktari angeweza kuitamani, na angeweza kubaki Berlin. Alifika Mwanza katikati ya mwaka 1906 pamoja na wasaidizi wake, miongoni mwao Friedrich Karl Kleine. Upande huu wa ziwa alikuta wagonjwa wachache. Kwa ruhusa ya Waingereza akavuka kwenda Uganda, akapiga kambi Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Sese. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa na ndugu zao, na haukupita muda mrefu kabla ya kambi kuhudumia zaidi ya watu elfu moja.

Dawa aliyoitumia inaitwa atoksili. Hakuibuni yeye. Ilikuwa na aseniki ndani yake, na jina lake, ajabu, lilitungwa kwa maana ya kwamba haina sumu. Koch alianza kwa kipimo cha nusu gramu kwa sindano, akaona tripanosoma zimetoweka katika damu na tezi, na wagonjwa waliokuja wamebebwa wakisimama wenyewe. Tusimnyime haki yake: ule haukuwa udanganyifu, na furaha ya jamaa za wagonjwa wale ilikuwa ya kweli. Lakini baada ya muda vimelea vilirudi. Hapo akaongeza kipimo hadi gramu nzima. Wagonjwa wakapata maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu, na wengi wakaikimbia kambi. Waliobaki wakaendelea kuchomwa. Kisha macho yakaanza kufifia.

Neva ya pili ya kichwa, yaani neva ya macho, haitoki kwenye shina la ubongo. Yenyewe ni kama ubongo uliorefushwa hadi nyuma ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, na nyuzi hizo zikishakufa hazioti tena. Aseniki ya atoksili iliziua. Jicho kwa nje linabaki zima na safi, lakini mwanga unaoingia haufiki popote. Wagonjwa 22 wa Koch walipofuka kabisa. Alipotambua hayo alirudi kwenye kipimo kidogo, na taarifa yake ikaieleza hasara hiyo pamoja na matokeo mengine.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema kwamba kila dawa mpya ina gharama yake. Gharama ni neno la mtu anayelipa kwa kilicho chake. Macho yale 44 hayakuwa ya Koch, wala ya serikali iliyomtuma, na hakuna aliyewaeleza wenyewe kwamba gramu nzima haijajaribiwa vya kutosha, ili wachague. Walikuwa watu walioonewa na maradhi, chini ya utawala wa kigeni, mbele ya daktari asiyejua lugha yao. Katika hadubini aliziona tripanosoma zao kwa uangavu wa ajabu. Wao wenyewe aliwaona kwa namna ya hesabu.

Kanisa limelisema jambo hili waziwazi. Septemba 1952 Papa Pius XII alizungumza mjini Roma na wataalamu wa maradhi ya mfumo wa neva, na mada yake ilikuwa mipaka ya kimaadili ya utafiti na tiba. Alifundisha kwamba faida ya sayansi ni njema, faida ya jamii ni njema, lakini hakuna hata mojawapo inayompa daktari mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa zaidi ya yale ambayo mgonjwa mwenyewe amemkabidhi. Na mgonjwa naye si mmiliki asiye na mipaka wa mwili wake. Mtu si sehemu ya jamii kama kidole kilivyo sehemu ya mkono. Wauguzi wetu wanaoharakisha kumsainisha mgonjwa fomu ya upasuaji bila kumsomea wangefanya vizuri kuitafuta hotuba hiyo.

Koch aliondoka ziwani mwishoni mwa mwaka 1907. Aliishauri serikali yake kuwatenga wagonjwa katika kambi, kufyeka vichaka vya mwambao na kuwaua mamba, kwa kuwa aliamini mbung'o wanaishi kwa damu yao. Wajerumani walifungua kambi Kigarama, upande wa Bukoba, na Shirati, katika Mara ya leo. Waingereza nao waliwahamisha watu wa Sese wote, visiwa vikabaki vitupu kwa miaka mingi. Kleine, aliyebaki kwenye kazi hiyo, alionyesha mwaka 1909 kando ya ziwa hili hili kwamba tripanosoma hukua ndani ya mbung'o kabla ya kumwambukiza mtu, jambo ambalo mwalimu wake hakuwahi kulithibitisha.

Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi yenye jina lake mjini Berlin. Atoksili iliachwa, na kutokana na kuichunguza, Paul Ehrlich alipata njia ya kutengeneza dawa ya kaswende.

Malale hayajaisha Tanzania. Mbung'o wangali wanauma katika mbuga za Serengeti na maeneo ya Kigoma. Aliyepita huko akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, au aliyeanza kusinzia mchana na kukesha usiku, aende hospitali na aseme wazi alipita wapi, ili damu yake ipimwe, na ikibidi maji ya uti wa mgongo. Siku hizi iko dawa ya kumeza, feksinidazoli, inayofika hadi ndani ya ubongo bila sindano na bila aseniki. Mgonjwa ana haki ya kuuliza inafanyaje kazi na ina madhara gani, na daktari ana wajibu wa kukaa chini amjibu.