Daktari Graves wa Dublin

Robert James Graves alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ireland, mwaka 1796. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu wa elimu ya dini katika Chuo cha Trinity, na mwanawe alisoma chuoni humo hata akatoka daktari mwaka 1818. Kisha alikwenda ng'ambo kuongeza elimu, akapita Berlin, Göttingen na Copenhagen. Kijerumani alikisema vizuri mno, hata huko Austria alikamatwa na kufungwa siku kumi akidhaniwa kuwa mpelelezi wa Kijerumani, kwa kuwa hawakusadiki kwamba mtu wa Ireland aweza kusema vile.

Kisa kingine husimuliwa. Merikebu aliyopanda ilipatwa na dhoruba katika Bahari ya Mediterania, mabomba ya kutolea maji yakaharibika, na mabaharia wakataka kukimbia kwa mashua moja iliyokuwapo. Graves alikuwa mgonjwa kitandani. Aliondoka, akatwaa shoka, akaitoboa mashua! Halafu akakata ngozi ya viatu vyake, akatengeneza mabomba, wakaokoka wote. Mimi nisingethubutu.

Mwaka 1821 alianza kazi katika Hospitali ya Meath, Dublin. Siku zile wagonjwa wa homa walinyimwa chakula na kutolewa damu; yeye aliwalisha. Wanafunzi wake aliwapeleka vitandani kwa wagonjwa wenyewe, akawazoeza kuhesabu mapigo ya mshipa kwa saa.

Basi mwaka 1835 ilichapwa hotuba yake juu ya wanawake watatu ambao mioyo yao ilidunda kwa nguvu muda mrefu. Alitaja hata mgonjwa ambaye mapigo yake yalisikika mbali kidogo na kitanda. Mwingine angaliutazama moyo peke yake. Graves alitazama na shingo, akakuta kwa wote watatu imevimba tezi iliyo mbele ya koo, iitwayo thairoidi. Sababu hakuijua, lakini aliona kwamba mambo haya mawili yanakwenda pamoja. Kusema haki, Daktari Parry wa Bath, Uingereza, alimtangulia. Ila maandishi yake yalitolewa mwaka 1825, naye amekwisha kufa.

Siku hizi sababu yajulikana. Tezi ile hutoa homoni, ambayo Edward Kendall wa Marekani aliitenga mwaka 1914. Homoni hii huuchochea mwili kama mtu achocheavyo moto jikoni. Ikizidi, moyo huenda mbio hata mtu akilala usingizi, na pengine vyumba vyake vya juu huacha kupiga kwa utaratibu, vikatetemeka ovyo. Damu hutuama humo ikaganda, na donge likichukuliwa mpaka ubongoni huleta kiharusi.

Mwenye kuogopewa zaidi ni mzee ambaye moyo wake ulikwisha kuugua. Kijana huweza kuvumilia mbio hizo kwa muda. Mzee huyu, ziada kidogo tu yaweza kumwangusha. Tena huenda asiwe na shingo iliyovimba wala macho yaliyotokeza, dalili ikawa ni yale mapigo yasiyo na mpango tu. Daktari asipompima damu ya thairoidi atautibu moyo, na chanzo kitabaki shingoni. Hata yule aliyepungukiwa na homoni, akapewa vidonge vyake, kama ana ugonjwa wa moyo huanzishwa kwa kipimo kidogo sana na kuongezwa polepole, maana moyo dhaifu ukiharakishwa ghafula huumia.

Graves alikufa Machi 1853 kwa ugonjwa wa ini, hajatimiza miaka 57. Trousseau, daktari mashuhuri wa Ufaransa, ndiye aliyetaka ugonjwa ule uitwe kwa jina la Graves. Wajerumani huuita kwa jina la Basedow, daktari wao aliyeuandika mwaka 1840.