Tafakari ya Ramadhani, siku ya 14: Upande wa mwezi tusiouona



Ndugu yangu, leo ukishafuturu kwa tende yako, toka nje utazame mashariki. Jua limezama huku, mwezi unachomoza kule, umejaa. Mwanga ule si wake, ni wa jua.

Al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra karibu mwaka 965, aliandika risala nzima kuhusu mwanga huo. Alieleza kwamba mwezi si kama kioo cha kujitazamia. Ungekuwa hivyo, tungeona kidoti kimoja tu kinachong'aa. Bali kila sehemu inayopigwa na jua hutawanya mwanga pande zote.

Basi huyu bwana, inasimuliwa, alisema anaweza kuyadhibiti maji ya mto Nile. Mtawala wa Misri, al-Hakim, akamwita. Alipofika karibu na Aswan na kuona majengo ya watu wa kale, akajua: lau ingewezekana, hawa wangeshafanya. Akarudi, akakiri ameshindwa. Lakini al-Hakim alikuwa mtu wa kuogopwa. Ibn al-Haytham akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka mwaka 1021, al-Hakim alipoondoka. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akila kwa kunakili vitabu, hadi alipofariki Cairo karibu mwaka 1040. Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, wengi wanakiweka katika miaka ileile ya kufungiwa.

Hebu fikiri. Waliokuwa nje walimjua kwa wazimu. Ndani mlikuwa na mwanachuoni.

Na mwezi ndivyo ulivyo. Wengi wetu hudhani unapopungua umefunikwa na kivuli cha dunia. Hapana, huko ni kupatwa. Nusu yake huwa inaangazwa na jua siku zote, isipokuwa unapopatwa. Unavyotuzunguka, kwa siku 29 na nusu hivi, tunaona sehemu tu ya nusu ile. Hata usiku tunaposema haupo, upo na unang'aa. Ila umetupa kisogo.

Sasa, kuna mtu umeona haji tarawehe mwaka huu. Umeshasema neno juu yake? Huenda anauguza mama yake. Huenda anasimama usiku wa manane, peke yake. Ulichokiona ni upande wako tu. Leo mpigie simu, msalimie, usimuulize mbona haonekani.

Kabla ya kulala soma Surat Yunus, aya ya 5, uitafakari.

Allah atutakabalie funga zetu na atusafishie dhana zetu. Amin.