SALUM ABDALLAH: ALIANZA KWA KUCHEZA, IKAWA KAZI

Wadau, juzi hapa Dumila nimemshuhudia bosi mmoja wa ghala la mahindi akiwafokea vijana wanaopakia magunia. Kosa lao? Walikuwa wanaimba huku wanataniana. Akasema hataki mchezo kazini. Basi wakanyamaza, na Fuso ikachelewa kujaa kuliko ile ya kwanza. Nikamkumbuka mtu wa Moro ambaye nyimbo zake wengi tumezisikia redioni kwenye vipindi vya zilipendwa bila kumjua: Salum Abdallah Yazidu, au SAY.

Jamaa alizaliwa mwaka 1928. Ujana wake ulikuwa enzi za santuri za Cuba, na zilimpagawisha kweli kweli. Akatoroka nyumbani kwenda Mombasa, eti apande meli mpaka Cuba! Cuba hakufika, akarudishwa Morogoro. Wengine wangekata tamaa hapo. Yeye mwaka 1948 akakusanya wenzake wakaanzisha La Paloma, bendi ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba.

Sasa hapa ndipo patamu. Hawakubaki kunakili santuri. Mapigo ya rumba na cha-cha-cha wakayabakiza, Kihispania wakakiweka pembeni, wakatia Kiswahili chetu: mapenzi, utani, na baadaye hata siasa za uhuru. Mtoto akichukua kopo akalifanya gari, si ndiyo hivyo hivyo?

Halafu sikilizeni wanavyoimba. Mmoja anaanzisha, wenzake wanadaka. Huwezi kudaka kama humsikilizi mwenzio, na ukichelewa kidogo tu wote wanajua. Hakuna haja ya msimamizi wa kukufokea. Vijana wa magunia nao ndivyo wanavyofanya, wimbo ndio unaowaambia lini wanyanyue kwa pamoja. Leo maofisi ya mjini yanakodi ukumbi na kuwavutisha wafanyakazi kamba ili wazoeane, wakati huku kwetu kitu hicho kilikuwepo bure.

Na kulikuwa na upinzani. Mji ule ule ulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, ambayo miaka ya 60 ilimpata Mbaraka Mwinshehe. Fikirieni Simba na Yanga, lakini kwa magitaa. Kila bendi na mashabiki wake, na hakuna aliyetaka kuchekwa mtaani kwamba wenzake wana kitu kipya na yeye yuko na kile kile cha mwaka jana. Hata jina la wimbo wa Salum, Ngoma Iko Huku, mimi nalisikia kama tambo kwa jirani. Sisemi kila utani unajenga, upo unaoua bendi. Ila mji mdogo kama Moro kutoa bendi mbili zilizovuma Afrika Mashariki nzima, si mchezo.

Salum alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 37 tu. Bendi haikuzikwa naye maana wimbo haukuwa wa mtu mmoja, wadakaji walikuwepo. Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba, ikaendelea kutikisa miaka mingi.

Mlio na wazee waliowahi kuingia madansi yale, waulizeni kisha mtupie stori hapa chini. Na wale wa Morogoro Jazz najua mtakuja kubisha, karibuni.