Edith Cavell, muuguzi mukubwa wa Bruxelles

Kwetu kambini, mugonjwa akitoka lopitali akiwa mzima, sifa zinaenda kwa munganga. Akishindwa kutoka, watu wanalaumu dawa zenye kukosekana ao wanalaumu kampuni. Ni mara chache mutu anauliza muuguzi mukubwa wa lopitali ile ni nani. Lakini yeye ndiye anapanga zamu za muchana na za usiku, anashika funguo ya kabati ya dawa, anaangalia kama shuka zimefuliwa na kama mugonjwa wa kitanda cha mwisho amepewa maji. Munganga anapita asubuhi na kwenda zake. Wauguzi ndio wanabaki, na wanabaki vile mukubwa wao amewazoeza.

Leo tunaeleza maisha ya mwanamuke mumoja wa kazi ile, mwenye kufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jina lake Edith Cavell. Wenye kumujua wanamujua zaidi juu ya kifo chake: askari wa Ujerumani walimupiga risasi kule Bruxelles mwaka wa 1915. Sisi tunataka kuanzia kwa kazi yake, juu kifo kile hakieleweki kama mutu hajajua namna aliongoza watu.

Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na muji wa Norwich, Uingereza. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wane. Baba yake alikuwa pasta wa kijiji, na nyumba yao haikuwa ya utajiri. Edith alijifunza Kifaransa vizuri, na lugha ile ndiyo ilimufungulia njia. Toka 1890 mpaka 1895 aliishi Bruxelles, akifundisha watoto wa familia moja nyumbani kwao. Kisha baba yake akagonjwa, naye akarudi kumuuguza. Hapo ndipo alikata shauri kushika kazi ya uuguzi. Alikuwa karibu miaka 30, umri wenye wanawake wengi wa wakati ule walikuwa wameolewa zamani na wana watoto.

Mwaka wa 1896 aliingia London Hospital, lopitali kubwa ya upande wa mashariki wa muji wa London, kwenye mitaa ya wafanyakazi na masikini. Muuguzi mukubwa wa pale aliitwa Eva Lückes, mwanamuke mwenye kujulikana kwa ukali wa kazi. Edith alifundishwa chini yake.

Mwaka uliofuata, 1897, maji ya kunywa ya muji wa Maidstone yalichafuka, na tifoide ikashika muji. Watu zaidi ya 1,700 waligonjwa, na 132 walikufa. Edith alikuwa kati ya wauguzi wenye kutumwa kule. Wasomaji wetu wafikiri vizuri jambo hili: wakati ule hapakuwa hata kidonge kimoja cha kuua vijidudu vya tifoide. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa muuguzi: kumupa mugonjwa maji kidogo kidogo, kumupanguza mwili homa ikipanda, kubadilisha shuka kila mara, kuchoma ao kuosha kwa dawa kila kitu chenye kuguswa na uchafu wake, kunawa mikono mbele ya kwenda kitanda kingine. Uuguzi wenyewe ndio ulikuwa dawa. Mwenye kuona kipindupindu kikiingia kambini anajua tunasema nini. Kwa kazi ile ya Maidstone, Edith alipewa medali.

Nyuma ya hapo alifanya miaka katika lopitali za masikini za London, kwanza Saint Pancras, kisha Shoreditch. Alisimamia zamu ya usiku, alikuwa musaidizi wa muuguzi mukubwa, na mwaka wa 1906 alikwenda Manchester kutunza wagonjwa masikini manyumbani mwao. Kwa hiyo hakupewa ukubwa kama zawadi. Alipopewa lopitali ya kuongoza, alikuwa amekwisha kukesha usiku mingi kando ya vitanda, na hapakuwa kazi ya chini yenye hakuijua.

Mwaka wa 1907 munganga mumoja wa Bruxelles, Antoine Depage, mupasuaji mwenye sifa, alimuita. Katika Ubelgiji wa wakati ule, kutunza wagonjwa kulikuwa zaidi kazi ya masista wa kanisa. Walikuwa na moyo, lakini Depage alitaka wauguzi wenye kusoma mambo mapya: vijidudu, usafi wa vyombo vya kupasulia, namna ya kupima homa na kuiandika kwa kitabu. Tarehe 1 Oktoba 1907 shule ya wauguzi ilifunguliwa katika Rue de la Culture, mutaa wa Ixelles, na Edith Cavell akawa mukubwa wake. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wane tu.

Tuangalie tarehe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Ubelgiji ulichukua Kongo kuwa koloni yake mwaka wa 1908. Katikati, katika 1907, Ubelgiji wenyewe ulikuwa bado unajifunza kufundisha wauguzi wake, na ulipaswa kuita mugeni kutoka Uingereza. Basi mutu asitudanganye kwamba uuguzi muzuri ni kitu chenye Bulaya ilizaliwa nacho. Kila inchi ilijifunza kazi ile, na kila mara palikuwa mutu wa kuianzisha kwa jasho lake.

Shida ya kwanza ya Edith haikuwa makuta, ilikuwa haya. Familia zenye kujiona kubwa zilisema binti yao hawezi kufanya kazi ya mushahara, tena kazi ya kuosha watu wenye kugonjwa. Yeye hakubishana nao sana. Aliwavalisha wanafunzi wake kanzu za buluu na aprone nyeupe, safi kila siku, akawafundisha mpaka waganga wenyewe walianza kuwaomba. Siku moja malkia wa Ubelgiji alivunjika mukono, na aliomba muuguzi kutoka shule ile. Toka hapo maneno ya haya yalipungua sana.

Alikuwa mukali. Asubuhi, wakati wa chakula, aliweka saa yake mbele yake kwenye meza. Mwanafunzi mwenye kuchelewa zaidi ya dakika mbili alipoteza saa mbili za mapumziko yake. Wengine watasema ni ukali wa bure. Sisi tunaofanya kazi chini ya udongo tunaelewa mbio. Mwenye kuja kupokea zamu akichelewa, mwenzake mwenye kuchoka anaendelea kushika kazi, na mutu mwenye kuchoka ndiye anakosea. Katika mugodi, kosa lile linaangusha jiwe. Katika lopitali, linapana dawa ya kitanda namba 5 kwa mugonjwa wa kitanda namba 6. Na ukali wa Edith ulikuwa na upande mwingine: wanafunzi walijua kwamba shida ya nyumbani wanaweza kumuletea, na kwamba yeye mwenyewe hachelewi.

Kazi ilikua. Mwaka wa 1910 gazeti la wauguzi lilianzishwa kwa musaada wake, L'Infirmière, ili wenye kuwa mbali nao wasome. Ilipofika 1912, shule yake ilikuwa inatoa wauguzi kwa lopitali tatu, kwa shule 24 na kwa shule 13 za watoto wadogo. Toka wanafunzi wane mpaka hapo, miaka mitano tu. Kama angetaka kuwa yeye peke yake mwenye kujua, kila mutu angemukimbilia yeye, na angekuwa na jina kubwa. Alichagua kufundisha.

Katika mwezi wa Agosti 1914 vita kubwa ilianza, ile vita yenye kuchukua babu zetu kubeba mizigo na bunduki mpaka Tabora katika 1916. Edith alikuwa kwao Uingereza, kumuangalia mama yake. Angeweza kubaki, na hakuna mutu angemulaumu. Alirudi Bruxelles haraka. Wauguzi wenye kutoka Ujerumani aliwarudisha kwao kwa usalama. Wenye kubaki aliwafundisha jambo moja: mwenye kidonda ni mugonjwa, hata akivaa nguo za askari wa adui. Shule ikawa lopitali ya Musalaba Mwekundu, na Wajerumani waliotunzwa pale walitunzwa sawa na Wabelgiji.

Tarehe 20 Agosti jeshi la Ujerumani liliingia Bruxelles. Depage alikwenda karibu na uwanja wa vita kuongoza lopitali kule La Panne. Muke wake, Marie Depage, alikwenda Marekani kutafuta makuta ya kusaidia lopitali, na wakati wa kurudi alikufa majini, tarehe 7 Mei 1915, meli Lusitania ilipozamishwa. Hivi Edith alibaki na shule, na wagonjwa, na wauguzi, chini ya macho ya wenye kushika muji.

Mwisho wa mwaka wa 1914, askari wawili wa Uingereza wenye kupotea nyuma ya vita waliletwa kwake. Aliwaficha na kuwatunza mpaka wakaweza kuvuka kwenda Uholanzi, inchi yenye haikuwa vitani. Nyuma yao wakaja wengine. Kikundi cha siri kilijipanga, na Philippe Baucq, fundi wa kuchora majengo, alikuwa kati yao. Askari karibu 200 walipita katika mikono ya Edith. Alijua sheria ya wenye kushika muji, na alijua azabu yake. Juu ya hiyo alijaribu kuweka wauguzi wake mbali na siri, ili siku ya kukamatwa muzigo uwe wake. Kapita mwenye kutuma vijana mahali pa hatari na yeye anabaki nje, kila muchimbaji amekwisha kumuona. Edith alifanya kinyume.

Alikamatwa tarehe 5 Agosti 1915 na kuwekwa katika gereza la Saint-Gilles, karibu wiki kumi. Hata kule aliendelea kuwa mukubwa wa wauguzi: aliwaandikia kuhusu kazi na wagonjwa, na siku chache mbele ya kufa aliwaomba musamaha kama mara nyingine alikuwa mukali kupita kiasi, akiwaambia kwamba aliwapenda kuliko walivyojua. Kesi ilifanyika tarehe 7 na 8 Oktoba. Washitakiwa walikuwa 35. Hakuficha kitu chenye alifanya. Wajumbe wa Marekani na Hispania waliomba wakubwa wa jeshi wamuachilie uzima, lakini hawakusikilizwa. Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba 1915, yeye na Philippe Baucq walipigwa risasi kwenye Tir National. Alikuwa na miaka 49. Mwaka wa 1919 mwili wake ulirudishwa Uingereza, na kaburi lake liko kando ya kanisa kubwa la Norwich.

Serikali zilitumia jina lake kuita vijana waende vitani, na sanamu zilijengwa. Sisi tunabaki na shule. Jengo jipya lenye alikuwa akilitayarisha, kule Uccle, hakupata kuliongoza, lakini wauguzi wake waliendelea na kazi bila yeye. Shule ilibeba majina mawili, Edith Cavell na Marie Depage, na barabara ya pale inaitwa mpaka leo Rue Edith Cavell. Mutu aliondolewa kwa risasi, na kazi haikusimama. Kwa sisi, hapo ndipo kiongozi wa lopitali anajulikana.

Basi wajumbe wetu wa sendika, wakati wanakaa na wakubwa kuzungumuza mambo ya lopitali ya wafanyakazi, wasihesabu vitanda na vidonge tu. Waulize pia muuguzi mukubwa alichaguliwa namna gani. Je, alipita kwenye zamu za usiku, ao aliletwa juu ni ndugu ya mukubwa fulani? Anafundisha vijana, ao anaficha kazi ili aogopwe? Anatunza mujurnalie wa siku moja sawa na muinjinia? Munganga ao mukubwa wa kampuni akiamuru jambo lenye kuumiza mugonjwa, iko na nguvu ya kukataa bila kufukuzwa? Siku akienda kwenye mapumziko, lopitali inatembea?

Na ni haki tuulize pia upande wake. Muuguzi mukubwa mwenye kukosa gants, mwenye kungojea mushahara miezi, mwenye wauguzi wawili kwa wagonjwa 40 usiku, hata akiwa na moyo wa Edith Cavell, atashindwa. Tunajua lopitali, hatutaji jina, kwenye familia inanunua sindano nje mbele mugonjwa atibiwe, na lawama yote inaangukia muuguzi wa zamu. Kumutukana yeye hakutaleta sindano. Mushahara wake na vyombo vyake vya kazi viandikwe kwenye karatasi ya madai yetu, pamoja na kofia zetu na buti zetu, juu siku jiwe likituangukia, mikono ya kwanza itakayotupokea ni yake.